Chungu Kimoja, Sahani Tofauti: Mwongozo wa Mlo wa Kila Siku kwa Mwenye Kisukari cha Aina ya Pili

Mara nyingi mtu anayegunduliwa kuwa na kisukari hurudi nyumbani na maneno mawili tu kichwani: aache sukari na apunguze wanga. Siku ya kwanza anapikiwa sufuria yake peke yake, mboga za kuchemsha zisizo na kitunguu wala ndimu, huku watoto na wajukuu wakila wali wa nazi mbele yake. Ikifika wiki ya tatu amechoka, amerudi kwenye sinia la wote, na sukari imepanda kama zamani. Nimeyashuhudia haya kwa mama yangu mzazi, na kilichomsaidia mwishowe ni kipimo: alikula chakula kilekile cha nyumba nzima, ila kilipakuliwa kwa mpangilio mwingine na kwa kiasi kinachojulikana. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hivyo.

Maelezo haya yanamhusu mtu mzima mwenye kisukari cha aina ya pili, pamoja na mtu anayempikia. Mjamzito, mtoto, mwenye kisukari cha aina ya kwanza na mgonjwa ambaye figo zake zimeanza kushindwa kazi wanahitaji mpango wao maalumu kutoka kwa daktari na mtaalamu wa lishe, kwa sababu baadhi ya vyakula ninavyovisifu hapa, kwa mfano maharage na mboga za majani, huenda vikahitaji kupunguzwa kwa mgonjwa wa figo.

Dalili zinatoka wapi

Wanga wote tunaokula, uwe wa ugali, wali, mkate, muhogo au ndizi, humeng'enywa na kuwa glukosi inayoingia kwenye damu. Insulini inayotolewa na kongosho ndiyo inayoiwezesha glukosi hiyo kuingia kwenye misuli na kutumika. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, mwili huwa mzito kuitikia insulini, na baada ya miaka kongosho nalo huchoka, hivyo glukosi hubaki ikizunguka kwenye damu.

Glukosi ikipita takriban milimoli 10 kwa lita, figo hushindwa kuirudisha yote mwilini na nyingine humwagika kwenye mkojo, ikivuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana mgonjwa huamka usiku mara nne kwenda haja ndogo, na ndiyo maana kiu haimwishi. Akiikata kiu hiyo kwa soda au sharubati, anaongeza kilekile kinachomletea kiu. Uchovu na njaa inayorudi muda mfupi baada ya kula hutokana na misuli kukosa glukosi inayozunguka kwenye damu bila kutumika. Ukungu wa macho mara nyingi husababishwa na lenzi ya jicho kubadilika umbo kadiri sukari inavyopanda na kushuka, kwa hiyo usikimbilie kununua miwani mipya kabla sukari haijatulia kwa wiki kadhaa. Hata hivyo uchunguzi wa ndani ya jicho usiahirishwe, maana madhara ya kisukari kwenye jicho hayaumi.

Ganzi na kuwaka moto kwa nyayo ni jambo jingine. Dalili hizi hutokana na mishipa ya fahamu iliyoumizwa na sukari ya miaka mingi, na mlo mzuri huzuia zisizidi kuliko unavyoziondoa. Aliyetumia metformini, kidonge cha kushusha sukari, kwa muda mrefu amwombe daktari ampime vitamini B12, kwa sababu dawa hiyo huweza kupunguza ufyonzwaji wake, na upungufu wa B12 nao huleta ganzi ya namna hiyohiyo.

Hatua ya kwanza: zijue dawa zako kabla ya kugusa sahani

Chukua vidonge vyako usome jina. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamaidi na dawa za jamii yake, pamoja na insulini, hushusha sukari hata kama hujala, na mtu anayezitumia akipunguza wanga ghafla anaweza kuanguka. Kama unatumia mojawapo ya hizo, mwambie daktari kabla ya kuanza ili arekebishe dozi mapema. Usiache dawa kwa sababu mlo umekuwa mzuri. Pia usiziache kwa sababu umeshauriwa mdalasini, mlonge au mzizi fulani. Ukitaka kunywa chai ya mdalasini isiyo na sukari, kunywa kwa ladha yake na uendelee na vidonge.

Hatua ya pili: pima kwa jozi kwa muda wa wiki moja

Watu wengi hupima sukari asubuhi tu, na kipimo cha asubuhi peke yake hakielezi chakula gani kimefanya nini. Kama una mashine, pima kabla ya mlo mkuu na upime tena saa mbili baada ya kuanza kula. Andika katika daftari namba zote mbili, ulichokula na kiasi chake. Malengo yanayotumika kwa watu wazima wengi ni milimoli 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula na chini ya 10 saa mbili baadaye, ingawa kwa mzee dhaifu daktari anaweza kuruhusu namba za juu zaidi ili kumkinga na kushuka.

Vijiti vya kupimia ni ghali, na si kila nyumba inaweza kupima kila siku. Katika hali hiyo chagua mlo mmoja kwa wiki: wiki hii chai ya asubuhi, wiki ijayo ugali wa mchana. Watu wawili wanaokula sahani moja ya wali wanaweza kupata namba tofauti kabisa, na ndiyo sababu daftari lako lina thamani kuliko orodha yoyote ya vyakula, ukiwemo mwongozo huu. Kipimo cha wastani wa sukari wa takriban miezi mitatu, kinachoitwa HbA1c, kitakuambia kama jitihada zako zinazaa matunda. Kwa wengi lengo ni chini ya asilimia 7.

Hatua ya tatu: anza na kikombe

Kama ungeniruhusu nibadilishe jambo moja tu katika nyumba ya mgonjwa, ningebadilisha vinywaji, kwa sababu sukari ya majimaji haina kitu cha kuichelewesha na hupanda ndani ya dakika chache. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari ya gramu kati ya 30 na 40. Mtu anayetia vijiko vitatu vya chai vya sukari katika kila kikombe na kunywa vikombe vinne kwa siku anameza takriban gramu 50 kabla hajahesabu chakula chochote. Punguza nusu kijiko kila wiki. Ulimi huzoea, na iliki, tangawizi na mchaichai huziba pengo kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Asali na sukari guru ni sukari, licha ya heshima vilivyo nayo. Juisi ya machungwa ya nyumbani ni sukari ya machungwa matatu au manne bila nyuzinyuzi zake, hivyo kula chungwa moja zima. Maji ya dafu yana sukari kiasi, basi yahesabu. Maziwa nayo yana sukari yake ya asili ya gramu 12 hivi kwa kikombe.

Hatua ya nne: pima wanga wakati bado ni unga

Hapa ndipo ushauri mwingi unapokwama. Mgonjwa huambiwa ale ugali kidogo, na kila mtu ana kidogo chake. Njia ninayoiamini ni kupima unga au mchele kabla haujapikwa, kwa sababu gramu 100 za unga wa mahindi au wa ngano zina wanga wa takriban gramu 75, na hesabu hiyo haibadiliki kwa ugali kuwa mgumu au laini.

Chukua mfano wa nyumba inayosonga ugali wa nusu kilo ya unga. Bonge zima lina wanga wa gramu 375 hivi. Likigawanywa vipande vinane vinavyolingana, kila kipande kina takriban gramu 47. Wataalamu wengi wa lishe huanzia kati ya gramu 30 na 60 za wanga kwa mlo mmoja, kulingana na umbo la mtu, kazi zake na dawa zake. Kwa hiyo kipande kimoja kati ya vinane ni mahali pazuri pa kuanzia, na daftari litasema kama kiongezwe au kipunguzwe.

Kwa chapati hesabu ni hiyohiyo. Kilo moja ya ngano ikitoa chapati 15, kila moja ina wanga wa gramu 50, sawa na mlo mzima. Ikitoa 20, kila moja ina gramu 37 hivi. Kwa wali uliopikwa, kikombe cha mililita 250 kilichosawazishwa kina takriban gramu 45 hadi 50. Viazi vitamu vya kuchemsha vina gramu 20 hivi kwa kila gramu 100, na muhogo wa kuchemsha unakaribia mara mbili ya hapo, jambo linalowashangaza wengi waliohamia kwenye muhogo wakidhani ni mwepesi.

Dona, mtama na ulezi vinapendekezwa kwa sababu vina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, na nyuzinyuzi huchelewesha glukosi kuingia kwenye damu. Lakini bado ni wanga. Nimekutana na wagonjwa wanaokula bonge kubwa la dona kwa amani kwa kuwa wameambiwa dona halina sukari, kisha wakashangazwa na mashine. Uji nao, hata wa ulezi, ni unga laini ulioiva katika maji na hupita tumboni haraka. Unywe nusu kikombe pamoja na yai au karanga badala ya bakuli zima peke yake.

Hatua ya tano: pakua sahani upya

Chukua sahani ya kawaida, si sinia. Nusu yake ijazwe mboga zisizo za wanga: mchicha, matembele, kisamvu, mnafu, kabichi, bamia, bilinganya, kachumbari. Robo iwe ya samaki, dagaa, kuku, mayai, au jamii ya kunde. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali au wali uliopimwa. Maharage, choroko, dengu, kunde na mbaazi vina wanga pia, lakini umefungamana na nyuzinyuzi na protini, kwa hiyo hupandisha sukari polepole. Mlo wenye maharage mengi uwe na ugali mdogo zaidi.

Anza kula mboga na kitoweo, kisha ndipo ugali au wali. Tafiti zimeonyesha kwamba mpangilio huu hupunguza kupanda kwa sukari baada ya mlo, na haugharimu hata senti moja. Ukimaliza, tembea dakika 10 hadi 15, hata kama ni uani, kwa sababu misuli inayofanya kazi huchukua glukosi bila kungoja insulini nyingi.

Mpishi asipike chungu cha pili. Mboga ikitosha nusu ya sahani ya mgonjwa itatosha na ya watoto pia, na kisukari cha aina ya pili huandama watu wa ukoo mmoja, basi chakula hiki kinamfaa kila aliye mezani.

Kifungua kinywa kinastahili uangalifu wa pekee, kwa kuwa kwa wengi asubuhi ndipo mwili unapoitikia insulini kwa uzito zaidi. Mahamri manne na chai ya maziwa yenye sukari ni mlo wa wanga mtupu uliokaangwa. Lakini mezani pale pale huwa pana mbaazi za nazi. Pakua bakuli la mbaazi liwe ndicho chakula chenyewe, kisha hamri moja liwe la kuchovya. Badiliko hili moja lilishusha namba za mama yangu za saa nne asubuhi kuliko yote tuliyoyajaribu mwezi ule, na hakuhisi kwamba amenyang'anywa kitu.

Matunda hayakatazwi. Kipande cha papai, chungwa moja, au nusu ya ndizi kubwa mbivu, mara moja au mbili kwa siku na ikiwezekana baada ya mlo, huwafaa wengi. Embe dodo kubwa likiliwa zima peke yake linaweza kuzidi gramu 30 za sukari, basi gawaneni. Parachichi lina sukari kidogo sana na mafuta mazuri, ila linashibisha, kwa hiyo lihesabiwe na anayetaka kupunguza uzito.

Hatua ya sita: mafuta, chumvi na uzito

Wenye kisukari wengi wana shinikizo la damu pia, na kinachowaua zaidi ni moyo na kiharusi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi, samaki wa chumvi na mkate. Ndimu, kitunguu thomu, bizari na pilipili manga vifanye kazi yake. Tui zito lina mafuta mengi ya aina inayopandisha lehemu (kolesteroli); pika kwa tui jepesi na uache tui la kwanza kwa siku maalumu. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye dumu.

Kwa mwenye uzito uliozidi, kupungua ndiko kunakobadilisha mwenendo wa ugonjwa wenyewe. Utafiti wa DiRECT uliofanyika Uingereza, ambao matokeo yake ya mwaka wa kwanza yalichapishwa mwaka 2017, ulihusu watu wapatao 300 wasiotumia insulini na waliogunduliwa ndani ya miaka 6. Miongoni mwa waliowekwa kwenye mpango wa kupunguza uzito chini ya usimamizi, asilimia 46 walikuwa na sukari isiyofikia kiwango cha kisukari, bila dawa, baada ya mwaka mmoja. Kwa waliopunguza kilo 15 au zaidi ilikuwa asilimia 86. Mpango ule ulikuwa mkali na usiigwe nyumbani bila daktari, lakini unaonyesha kwamba anayeanza mapema ana nafasi kubwa. Kwa upande mwingine, mtu anayekonda bila kukusudia huku sukari iko juu asisherehekee, aende hospitali.

Mfungo wa Ramadhani na siku za homa

Mgonjwa anayetaka kufunga amwone daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama, kwa kuwa saa na dozi za dawa hubadilika. Wapo ambao hawapaswi kufunga kabisa, na ruhusa ya mgonjwa imo katika Qur'ani, sura ya 2, aya ya 184 na 185. Anayefunga apime mchana. Kutoboa kidole kwa ajili ya kupima hakubatilishi saumu kwa mujibu wa wanazuoni wengi. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6, afungue saa hiyohiyo.

Wakati wa kufuturu tende moja au mbili na maji vinatosha kuanzia. Hatari ya futari zetu ni kwamba muhogo, viazi, magimbi, ndizi, tambi na kaimati hukutana katika meza moja, na kila kimoja ni wanga. Chagua kimoja, ukipime, na ujaze nafasi iliyobaki kwa samaki, kunde na kachumbari. Daku iliwe karibu na alfajiri, iwe na maharage au mayai, wala isirukwe.

Siku za homa sukari hupanda hata kama mgonjwa hali chakula, hivyo anayetumia insulini asiiache kwa sababu hana hamu ya chakula. Anywe maji mara kwa mara na apime zaidi ya kawaida. Akiwa anatapika au anaharisha, mpigie daktari pia kuhusu metformini, kwa kuwa huenda ikahitaji kusimamishwa kwa muda. Kutapika mfululizo, kuhema kwa kasi, pumzi yenye harufu ya matunda au kuchanganyikiwa ni sababu ya kwenda hospitali usiku huohuo.

Sukari inaposhuka ghafla

Kila aliye nyumbani, hata mtoto wa miaka kumi, afundishwe sehemu hii. Dalili ni jasho baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali, hasira isiyo na sababu na maneno kuchanganyika. Mpime ikiwezekana. Sukari ikiwa chini ya 3.9, au kama hakuna mashine, mpe gramu 15 za sukari: vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Usimpe maandazi wala chokoleti, kwa sababu mafuta huchelewesha sukari kufika kwenye damu. Ngojeni dakika 15, mpimeni tena, na kama haijapanda mrudieni kwa kiasi kilekile. Akiwa amezimia au hawezi kumeza, msimtie kitu chochote mdomoni. Mlazeni ubavu na mumkimbize hospitali. Akizinduka vizuri na namba ikapita 4, apewe kipande cha mkate na yai au sehemu ya mlo wake unaofuata, kisha saa, namba na chakula alichokuwa amekula mwisho viandikwe daftarini ili daktari aangalie dozi kabla halijatokea tena.